Chanthaburi, Siku ya Kuvua Nguo Nyeusi

Katika ukoo wa marehemu mume wangu, siku ya kumaliza matanga mjane husimama mbele ya watu na kumzungumzia aliyekufa. Akilia, nguo nyeusi haivuliwi, kwa kuwa uchungu bado haujaisha. Nami nilikuwa nimeichoka ile nguo. Katika saluni ninakosuka nywele, wateja walinikwepa kana kwamba kufiwa kunaambukiza.

Nikaamua kusema jiografia. Nani analilia jiografia?

Mume wangu aliuza mawe ya thamani, akawa anasafiri mpaka jimbo la Chanthaburi, Tailandi. Mimi sijafika. Ninayoyajua aliniambia yeye, jikoni, nikimenya viazi.

Uani kwetu, Pinetown, karibu na Durban, Afrika Kusini, tulikokuja kama wakimbizi, muziki ukazimwa.

"Chanthaburi iko mashariki ya Tailandi," nikaanza. "Huku bahari, huku milima na mpaka wa Kambodia. Mvua ni nyingi."

"Kama Durban tu," akasema shangazi wa mume wangu. Yeye ndiye mwenye kuamua kama mjane amelia, na alikuwa amekaa karibu, ananichungulia macho.

"Zamani walichimba yakuti. Sasa ya kwao imepungua, wananunua ya Afrika. Mnunuzi anakaa mezani, muuzaji ndiye anayezunguka na vifurushi vyake."

"Na wanawake wa huko?" akapaza sauti shemeji yangu.

"Wanasuka mikeka."

Watu wakaangua kicheko. "Ndivyo alivyoniambia!" nikasema, nami nikaanza kulegea. "Wafaransa waliwahi kuukalia huo mji."

"Eish! Hata huko?"

"Na kuna kanisa kubwa la Kikatoliki. Wavietnamu waliokimbia kwao ndio walioanza kusali pale."

"Wakimbizi wenzetu wana kanisa kubwa," akasema shangazi, "sisi tunasali gereji!"

Hapo ningenyamaza. Lakini uchumi ulibaki, na uchumi wa Chanthaburi ni matunda, hasa duriani, tunda lenye miiba kama fenesi lililokasirika na harufu isiyosemeka. Nikawasimulia kwamba safari moja mume wangu alileta duriani iliyopikwa ikasongwa, ameifungasha ndani ya suti yake nzuri. Mfuko ukapasuka. Akaifuta suti, akaivaa Jumapili kanisani. Benchi zima likahama. Yeye akadhani wamempisha kwa heshima ya suti, akawa anawapungia mkono.

"Ni mimi niliyepiga kelele gesi inavuja!" shangazi akalia kwa kicheko. "Nilimtoa mchungaji nje!"

Nikacheka mpaka nikashika meza. Kisha nikahisi mashavu yameloa. Watu wote wakamtazama shangazi.

"Mkwe wangu," akasema, "hayo ni machozi ya nini?"

Ningeweza kusema ni ya kicheko tu.

"Sijui, Mama. Nadhani ni ya vyote viwili."

Shangazi alijifuta machozi yake mwenyewe kwa ncha ya kitenge, akakitazama kitenge kile kilicholoa.

"Basi na mimi nivalishwe nyeusi? Mvueni huyu."

Wakanivua. Muziki ukawashwa kwa nguvu, shemeji akanivuta nicheze, na habari za pilipili manga, ambayo pia inalimwa huko, sikupata nafasi ya kuzisema.