Kilo za Baba Mkwe

Mimi ni fundi, na mafundi tuna ugonjwa wetu: tukiona kitu kimekaa vibaya hatuwezi kunyamaza. Ugonjwa huo nusura uninyime mke.

Miaka ile mashamba ya ngano ya Hanang yalikuwa bado ya serikali. Nilikuwa kijana kutoka kijiji cha Daudi, nimeajiriwa karakana ya shamba moja upande wa Basotu, kazi yangu matrekta na kombaini za kuvunia. Lakini kwenye kona ya karakana kulikuwa na pikipiki ya mashindano, ndefu, nyembamba, haina taa wala honi, iliyoachwa na mtaalamu wa kigeni aliporudi kwao. Kila mwaka baada ya mavuno ilishindana na nyingine tatu: ya shamba jirani, ya misheni na ya bwana mifugo. Mwaka uliotangulia tulikuwa wa nne. Meneja akaniita, akasema safari hii niitengeneze mimi.

Mpandaji wetu alikuwa dereva mkongwe wa kombaini, mzee wa miaka hamsini na kitu, kifua kipana, maneno machache. Hakuna aliyemzidi kwa kutuliza chombo kwenye mashimo. Na huyo mzee, kwa bahati yangu, ndiye baba wa binti niliyetaka kumwoa. Wazee wa kwetu walikuwa wameshapeleka posa. Wakakaribishwa pombe, wakaongea habari za mvua, wakaambiwa warudi kuchukua jibu mashindano yakishapita. Kwa hiyo nilikuwa natengeneza chombo cha mtu ambaye sikuthubutu hata kumtazama usoni.

Sasa, pikipiki ya kuruka matuta haitengenezwi kwa kubahatisha. Springi zake hukazwa kwa kufuata uzito wa mpandaji. Akikaa, nyuma kushuke upana wa vidole vitano hivi, kusizidi. Ili kujua, mpandaji anakaa, fundi anapiga magoti nyuma yake na kupima kutoka ekseli ya gurudumu hadi mkia wa kiti. Uso wa fundi unakuwa pale pale unapopafikiria. Kwetu baba wa mchumba hapimwi hivyo. Unamsalimia ukiwa umevua kofia, na mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia kwenye majani.

Nikaona afadhali nimwulize tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Samahani, mzee. Ni kwa ajili ya springi. Mzee una kilo ngapi?"

Akafikiri. "Sitini."

"Sitini, mzee?"

"Tulipimwa mgambo. Sitini."

Mgambo alikwenda kabla mimi sijaanza shule. Tangu hapo tumbo lake lilikuwa limefanya maendeleo makubwa, lakini nani aseme? Nikakaza springi za mtu wa kilo sitini. Akaenda kujaribu kwenye mabua ya ngano, na kwenye tuta la kwanza tu chuma kikagonga chuma, nikausikia mlio mpaka kwenye meno. Akarudi polepole, akashuka.

"Springi zako dhaifu," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Nilijichukia kwa ile "ndiyo". Springi hazikuwa dhaifu hata kidogo.

Nikatafuta njia ya kumpima bila yeye kujua. Siku zile alikuwa amepewa lori la kupeleka ngano ghalani, na kila lori lilipita kwenye mizani. Nikamwomba karani asome mara mbili, mzee akiwa ndani, kisha akishashuka kusaini. Karani alikubali kwa moyo mmoja. Tatizo mizani yenyewe ilikuwa imeliwa na kutu, na haikujali kitu chochote kilichopungua kilo mia. Safari ya kwanza mzee alikuwa na kilo mia kamili. Safari ya pili hakuwa na uzito wowote. Safari ya tatu lori liliongezeka aliposhuka. Karani akaandika yote kwa mwandiko mzuri, akanipa karatasi, nami nikasimama nayo kwenye vumbi kama mjinga. Mwisho nikakisia themanini, nikaongeza washa, vile vipete vya chuma, chini ya springi.

Siku moja kabla ya mashindano tukaipandisha pikipiki kwa lori hadi Nambis, ambako mwaka huo yangefanyika. Kule juu kuna baridi na hewa ni nyepesi. Nilipoiwasha ikakohoa na kutoa moshi. Nikafungua plagi, nyeusi tititi. Petroli ilikuwa inazidi hewa. Dawa yake ni rahisi: ndani ya kabureta kuna kijipande cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli, unakitoa na kuweka chenye tundu dogo zaidi. Niliinama nikifanya hivyo, nikaona viatu vya mzee mbele yangu.

"Hicho kipya mbona tundu lake dogo?"

"Huku juu hewa ni nyepesi, mzee. Petroli ikibaki ile ile, injini inakabwa."

"Kwa hiyo tumepanda mlima, na wewe unaipunguzia chakula."

"Ndiyo, mzee. Yaani hapana, mzee."

"Maksai wako akipanda mlima, unampunguzia majani?"

Nikaendelea kukaza kile kijipande cha shaba.

"Binti yangu amezoea kushiba," akasema, akaondoka.

Nikajua hasemi tena habari za pikipiki. Nikachukua dumu, nikajaza tangi kabla hajafika mbali, mpaka petroli ikamwagika kwenye viatu vyangu, nchi nzima ikiwa inaitafuta kwa foleni. Hakugeuka hata kutazama.

Baadaye akapanda kujaribu. Injini ililia safi, ikapanda mwinuko bila kukohoa, na nikamwona anarudia mzunguko ingawa hakuna aliyemwambia. Nikaanza kupumua. Kwenye mzunguko wa pili akaliruka tuta kubwa, akatua, chuma kikagonga chuma, na mzee akarushwa akakaa kitako katikati ya maharage ya watu. Akina mama waliokuwa wanang'oa maharage wakaacha kazi. Nikakimbia.

"Springi zako..." akaanza.

"Mzee, si springi! Ni wewe! Wewe ni mzito!"

Nilisema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde. Mama mmoja akafunika mdomo kwa khanga. Mimi mwenyewe nilisikia posa yangu ikianguka, nikawaona wazee wetu wakirudi mikono mitupu.

 Mzee akainuka, akajikung'uta, akainua pikipiki, akakaa juu yake, akatazama mbele.

"Pima," akasema.

Nikapiga magoti nyuma yake. Ilishuka vidole tisa. Nikaongeza washa zote nilizokuwa nazo, nikakaza, nikamwomba akae tena, nikapima tena, mara nne, wala hakugeuka. Safari ya nne ikashuka vidole vitano barabara.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

Kesho yake alikuwa wa pili. Alitua kwenye lile tuta kubwa bila mlio wowote, meneja akarusha kofia, nami sikuweza kufurahi. Mzee alishuka, akapokea mkono wa kila mtu, akanipita mimi.

Wazee wetu walikwenda kuchukua jibu Jumapili. Nilibaki nyumbani Daudi nikipasua kuni ambazo hazikuhitajika. Waliporudi walikuwa wamekunja nyuso, si kwa huzuni, kwa kutoelewa.

"Amekubali," akasema mjomba wangu. "Lakini ameongea maneno ya ajabu. Amesema, 'Kijana wenu anajua jambo langu ambalo hata mama wa watoto wangu halijui. Mtu wa namna hiyo siwezi kumwacha azurure nje. Mleteni ndani.'"

Wote wakanitazama.

"Ni jambo gani hilo?" mjomba akauliza.

Nikasema sijui. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa ajili ya familia ile, na sijawahi kusema neno lolote kwa furaha kama nilivyousema.