Wiki Yangu ya Mwisho Kingsbury

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki. Nilikuwa muuguzi kijana, nimepanga chumba hapa London, mtaa wa Kingsbury, kwa Mama Kamla, Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Kiswahili chake hakikuwa kimeota kutu. Nilikuwa nimepata kazi Glasgow, imebaki wiki moja nihame. Nje majani yanapukutika, nami chumbani nafunga maboksi huku naulaani mji: mvua, giza saa kumi na moja jioni, majani ya kuteleza njiani.

Mama Kamla akabisha hodi.

"Binti, vaa koti twende bustanini. Miti imependeza leo."

"Mama, nina kazi. Na majani ni majani tu."

Sikumtazama hata usoni. Ujana una ukali wake. Akaketi kitandani, katikati ya nguo zangu.

"Miaka minne umelala hapa," akasema, "na sasa unahama kabla hujafika."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Tulipohama Kisumu nilikuwa kama wewe. Wiki nzima nafungasha masufuria, nawaza ndege tu. Masufuria yalishatoboka zamani. Lakini mlango wa nyumba niliyozaliwa, binti yangu, sikumbuki ulikuwa rangi gani. Nimemuuliza kaka yangu. Naye hakumbuki."

Nikaona haya. Nikachukua koti.

Tulikwenda polepole. Miti niliyoipita kila asubuhi nikikimbilia treni ilikuwa ya manjano kama binzari, mingine nyekundu kama pilipili iliyoiva. Mzee mmoja mwenye mbwa alimsalimu Mama kwa jina, kisha akaniuliza langu. Miaka minne tulikuwa tukipishana! Nikajikuta nalia. Mama akanipa leso.

Tangu hapo tulitoka kila siku, hadi nilipoondoka. Mama Kamla alifariki kabla sijarudi kumwamkia. Matembezi yale machache ndiyo niliyobaki nayo.

Sikuzuii kuhama, mwanangu. Riziki huifuata mtu, na mtu huifuata riziki. Ila usiache mbachao kwa msala upitao. Mizigo itafungwa tu. Toka nje miti ingali na rangi, uitazame sawasawa. Muulize jirani jina lake, hata kama unaona umechelewa. Majuto ni mjukuu.

Nenda salama. Mungu akupe majirani wema, na siku za kutosha za kukaa nao.