Tawi Nililoliondoa Kivukoni

Nakumbuka mchana mmoja wa masika, mwanangu, nikiwa nimerudi kijijini kwetu Ringwani kwa likizo ya chuo. Wakati ule niliamini kwamba jambo lisilo na maelezo halina maana. Bado naamini hivyo kwa kiasi fulani, kwa hiyo usidhani mama yako amezeeka ghafla.

Nilikuwa nakwenda kwa shangazi, ng'ambo ya mto. Bibi aliyenilea akaniuliza kutoka jikoni, "Bhoke, unapita darajani au kivukoni?"

"Bibi, mimi si mtoto. Nitafika."

Nikashika njia ya kivukoni kwa kuwa ni ya mkato. Karibu na maji nikakuta tawi bichi limelazwa kukata njia, limekandamizwa kwa jiwe. Hata wewe unajua maana yake: usipite hapa. Lakini nani kasema? Kwa sababu gani? Nikatazama huku na huku, sikuona mtu. Nikalitupa tawi kichakani, nikavuka kwa kurukaruka juu ya mawe ya upande wa juu. Viatu havikulowa hata kidogo. Nikacheka peke yangu.

Huku nyuma bibi akaona nimesahau unga wa wimbi wa shangazi. Akajitwika, akanifuata. Kwa kuwa sikusema napita wapi, alikisia tu. Pale kivukoni hakuona tawi lolote, basi akaingia majini mahali alipopita maisha yake yote. Hakujua kwamba wachimba mchanga walikuwa wameacha shimo pale, na mvua imelijaza maji ya tope. Akazama hadi shingoni.

Niliporudi nyumbani alasiri nilimkuta ameketi juani, amejifunga vitenge viwili, mkono umechubuka. Kando yake alikuwa Mzee Marwa, jirani yetu, aliyekuwa akinywesha ng'ombe mtoni, akamwona na kumvuta kwa fimbo yake. Nikamwamkia shikamoo. Badala ya marahaba akauliza:

"Nani ameondoa tawi langu?"

Ningeweza kunyamaza. "Ni mimi, babu. Sikuona sababu yake."

"Sababu!" Akamgeukia bibi. "Msomi wako alitaka nimwandikie barua. Mimi nilikuwa na panga na ng'ombe. Kalamu ningeitoa wapi?"

Bibi akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na mimi machozi yakanitoka. Akanivuta nikae karibu naye.

"Kuuliza ni kuzuri, mjukuu wangu. Lakini boma la Marwa linaonekana kutoka pale kivukoni. Ungerudi ukauliza. Wewe hukutaka jibu. Ulitaka kupita."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, mwanangu, na maneno yake hayo ndiyo ninayokupa leo.

Jumatatu utaanza kwenda shule peke yako. Nikikuuliza unapita wapi, si kwamba nakuchunguza. Nataka nijue pa kukutafuta, na anayekufuata asikisie. Ukibadilisha njia, mwambie mtu wa boma la karibu. Ukikuta tawi, rudi, hata kama umechelewa na mwalimu atafoka. Nitakuja mimi kuzungumza naye. Hata hapa nyumbani, kile kijiti nilichokichomeka kando ya shimo la choo kipya usiking'oe kuchezea. Uliza maswali yako yote, mimi sitachoka kuyasikia, ila uliza huku alama ingali mahali pake. Wewe unaweza kuwa na bahati ya kurukia mawe. Anayekuja nyuma yako hajui ulipokanyaga.

Na siku ukigundua shimo kabla ya wengine, kata tawi. Weka na jiwe juu, lisichukuliwe na upepo.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye kila kivuko, akujalie majirani wenye panga na huruma kama Mzee Marwa, na akurudishe jioni ukiwa na maswali mengi kuliko uliyoondoka nayo.