Kijiko Ndani ya Droo

Nianze na kosa langu, maana nikilificha hadi mwisho mtaniona mwongo. Miaka tisa iliyopita, mimi ndiye niliyemwambia achague sauti yoyote anayotaka. "Ni sentensi moja tu, dada," nilisema. "Tuimalize twende tukale."

Kazi yetu ni kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Mimi ni fundi mitambo. Nakaa upande huu wa kioo, nabonyeza, nakata, naunga. Huyo dada, mwigizaji wetu, alikaa upande ule, kwenye chumba kilichozibwa kwa sponji kila kona, ukipiga chafya unadhani umepigia ndani ya godoro. Tamthilia yenyewe ilikuwa ya anga za juu. Watu wameihama dunia, wamo ndani ya chombo vizazi na vizazi, na kitu pekee cha karatasi walichobaki nacho ni kitabu kimoja cha watoto. Binti wa nahodha anakifungua. Humo mna kijiko cha chai kilichoangukia nyuma ya droo iliyokwama, na hicho kijiko kinagonga mbao na kusema, "Nipo humu ndani. Nani atafungua?" Basi, ni hayo tu. Binti anafunga kitabu, chombo kinashambuliwa, watu wanaanza kukimbia.

Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba huchagui sauti usiyoweza kukaa nayo kutwa nzima. Yeye alilijua hilo kuliko mimi. Lakini ilikuwa sentensi moja na njaa ilikuwa inauma, basi akabana koo akatoa kisauti chembamba cha juu kabisa, chenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Ilibidi turekodi mara mbili kwa sababu mara ya kwanza kicheko changu kiliingia.

Watoto wakakipenda kile kijiko kuliko nahodha na bunduki zake zote. Inaonekana haikuwa kwetu peke yetu, kwa sababu katika msimu wa pili, wenye tamthilia walikipa kurasa mbili, wa tatu kikaanza kujibizana na binti wa nahodha, kisha zikaja filamu mbili, kisha tamthilia nyingine ya chombo kingine, na kitabu kimo humo humo. Sentensi moja ikawa saa nne kwa siku. Jina lake likapotea. Studio nzima, duka la jirani, hata mlinzi wa getini, wote wakamwita Kijiko. Sauti yake mwenyewe ilikuwa nzito na tulivu, sauti ya kumfanya mtu avute kiti akae. Mtu wa kuikumbuka nimebaki mimi na wengine wachache.

Mwanawe alizaliwa mwaka ule ule. Sisi watu wa studio, kwa utani wetu usio na kazi, tukamwita Kisahani. Sasa sikilizeni jambo ambalo lilikuwa likinikereketa. Kijiko akitoka kazini koo lilikuwa limekwisha, kwa hiyo nyumbani hakuzungumza. Aliandika. Kila chumba kilikuwa na daftari lililofungwa kalamu kwa uzi: "Vaa viatu." "Umekula?" "Njoo nikusuke." Kisahani alijua kusoma kabla meno hayajamtoka vizuri, na mama yake alikuwa akijisifia hilo kwa mwandiko mkubwa. Alimweleza mtoto kwamba sauti ni ya kazini, kama sare ambayo muuguzi huiacha hospitali. Mtoto akakubali. Akitaka kumsikia mama, aliwasha televisheni.

Mwaka huu koo likakataa. Daktari akachungulia, akakuta vinundu kwenye nyuzi za sauti, akamwambia bila kupindapinda kwamba kile kisauti cha juu ndicho kinachomuua. Akiacha sasa, sauti yake mwenyewe itarudi. Akiendelea hata kwa sehemu sita tu, asitegemee tena kuzungumza, si kwa sauti ya Kijiko wala kwa yake mwenyewe. Aliniletea ile barua ya daktari nikaisoma mara mbili, kisha akaandika pembeni: "Kisahani asijue. Ataogopa."

Tukaenda pamoja kwa bosi. Bosi wetu tunamwita Kesho, kwa sababu hakuna jambo lake linalofanyika leo. Akaisoma barua, akasikitika kwa dhati, simsingizii. Kisha akatoa mkataba. Zilikuwa zimebaki sehemu kumi na mbili. Akiondoka kabla, asingeruhusiwa kufanya kazi ya sauti popote kwa miaka mitano, na huyu mama hana kazi nyingine anayoijua. Kulikuwa na tundu moja tu la kutokea. Wenye tamthilia wangekubali mtu wa kumrithi iwapo watoto watano wangesikiliza na wote watano wakamkubali. Mmoja akikataa, hakuna mjadala.

"Kesho tutatafuta mtu," bosi akasema, na safari hii, ajabu, kweli alitafuta.

Akapatikana binti mmoja mtangazaji wa redio, mtu mwenye adabu na koo la chuma. Kijiko alimfundisha wiki mbili kwa maandishi na mikono: wapi pa kubana, wapi pa kuachia, mkwaruzo uingie lini. Mimi nilikaa kwenye mitambo nikiwasikiliza, na siku ya mwisho nilifumba macho nikashindwa kutofautisha. Mimi, niliyeikata na kuiunga sauti hiyo miaka tisa. Nilipofumbua nikamwona Kijiko ananitazama kupitia kioo kwa jicho la kuuliza. Nikamwinulia dole gumba. Akaweka kiganja kooni, akacheka bila kutoa sauti, na machozi yakamtoka.

Siku ya majaribio shule zilikuwa zimefungwa. Kijiko alikuja na Kisahani kwa kuwa hakuwa na pa kumwacha, akamkalisha kwa katibu na daftari la kuchora. Watu wazima wenye kuhusika hawakuruhusiwa kuwa karibu na watoto, hivyo akapelekwa chumba cha mwisho wa ukumbi, mlango ukafungwa. Viti vitano vikapangwa. Watoto wanne wakaja. Wa tano, mzazi wake akapiga simu kwamba ana homa.

Nilimwona katibu alipofanya jambo lile. Alikuwa na haraka, wageni waliotumwa na wenye tamthilia walikuwa wanaangalia saa, na mezani kwake palikuwa na mtoto wa umri ule ule. Akamshika mkono, akamkalisha kiti cha tano. Ningeweza kusema. Nilikuwa na kitufe cha kuzungumza chini ya kidole changu kabisa. Nikajiambia, mtoto ni mtoto, na kama mimi nimeshindwa kutofautisha, huyu ataweza wapi? Nikajiambia tena kwamba tukiahirisha, wageni wataondoka na nafasi itapotea. Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu la pili, na la kwanza ni dogo likiwekwa karibu nalo.

Nikapiga rekodi ya binti wa redio. Dakika mbili. Watoto wakacheka pale pa kucheka, wakanyamaza pale pa kunyamaza. Mgeni akauliza kama huyu ndiye Kijiko wanayemjua. Mikono minne ikapanda.

Kisahani hakuinua mkono. Alisimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, na uso wake ulikuwa umejaa hasira ya mtu aliyemwona mwizi.

"Huyu siye," akasema. "Anapumua kabla ya kusema 'nani'. Kijiko hapumui hapo. Kijiko ni mama yangu, na mimi namjua mama yangu."

Hakuna aliyebisha, kwa kuwa mmoja alikuwa amekataa na masharti yalisema hakuna mjadala. Nilirudisha rekodi nikasikiliza, na kweli, kulikuwa na pumzi ndogo pale, ndogo kiasi kwamba mashine yenyewe ilikuwa karibu kuipita. Mtoto aliyelelewa katika ukimya masikio yake yanakua makali. Wageni wakakunja karatasi zao. Mmoja akampapasa Kisahani kichwani akasema ana bahati kuwa na mama kama huyo.

Mlango wa mwisho wa ukumbi ukafunguliwa. Kijiko akatoka akiangalia nyuso zetu, na kabla hajafika kwangu alikuwa ameshaelewa kwamba imeshindikana. Alitaka kuniuliza nani amekataa. Niliona kalamu imegusa karatasi. Ndipo Kisahani akamrukia kiunoni, akamweleza yote kwa mkupuo mmoja: walivyotaka kumdanganya, walivyomleta mwongo, yeye alivyosimama peke yake mbele ya watu wazima.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapiga goti, akamkumbatia, akamkumbatia muda mrefu kuliko kawaida, uso wake umeelekea ukutani. Alipoinuka akaandika kitu, akamwonyesha mtoto. Nilichungulia. Alikuwa ameandika: "Asante, mwanangu. Umenitetea."

Wiki iliyofuata tulianza sehemu ya kwanza kati ya zile kumi na mbili. Shule zilikuwa bado zimefungwa, na Kisahani aliomba kukaa kwangu kwenye mitambo amwone mama akifanya kazi. Nikamvutia kiti. Upande wa pili wa kioo, Kijiko alivaa hedifoni, akanywa maji ya vuguvugu, akafunga macho. Karatasi iliyokuwa mbele yake ilikuwa na sentensi ile ile ya siku ya kwanza, binti wa nahodha amekifungua kitabu upya.

Kisahani akaniinamia sikioni, taratibu, asije akaharibu rekodi.

"Mjomba," akasema, "bila mimi wangemtoa humo."

Nikamwambia ndiyo. Nikabonyeza kitufe chekundu, na mama yake akavuta pumzi mapema, mbali kabisa na "nani", akabana koo.