Kuku wa Ta Kaijage

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata sasa nilivyokaa mbele ya hoteli yangu, natabasamu peke yangu mpaka wateja wanadhani nimepata habari njema. Ndiyo siku niliyonyimwa mke kwa ajili ya mapaja ya kuku.

Usicheke kwanza. Kaa nikusimulie taratibu, maana nakuona na wewe unavyonunua kuku siku hizi: mapaja tu, kidari tu, vingine unamwachia mwenye bucha kama vile kuku alizaliwa bila shingo.

Mimi shule niliiacha darasa la nne huko kwetu Muleba. Leo nina hoteli Bukoba mjini na nyingine Muleba pale barabarani, na wenye vyeti vyao wanakuja kuniomba kazi, nami nawapa, sina roho mbaya. Sisemi haya kwa majivuno, ingawa hata nikijivuna ni haki yangu, jasho lilikuwa langu. Nasema ili ujue kwamba anayekupa nasaha hii hakuiokota kitabuni.

Nilikuja Bukoba ndevu hazijakomaa, nikapata kazi ya kunyonyoa kuku sokoni. Bwana aliyeniajiri alikuwa anapeleka nyama kwenye mahoteli ya wakubwa. Wakubwa hawakutaka kuona miguu wala vichwa kwenye sahani zao, shingo hawakuzitaka, hata firigisi na maini walimrudishia. Basi hayo yote yakawa yangu juu ya ujira. Niliyatia kwenye ndoo, nikampelekea Bi Zuhura, mama mjane niliyepanga chumba kwake. Wazee wake walitoka pwani zamani, wakaoa na kuolewa hapa Bukoba, lakini mkono wa kupika waliuleta nao na haukupotea njiani. Bi Zuhura alipika, nyumba nzima ikala. Mimi nilikula kwa njaa tu. Moyoni nilikuwa nasema, siku nikiwa mtu, mguu wa kuku hautaingia tena mdomoni mwangu.

Ndipo nikampata Koku. Alikuwa anajifunza cherehani mjini, kwao Izimbya. Sura yake sikuelezi, unamfahamu, ndiye mama anayekupakulia ukija kwangu. Tulipoelewana, habari ikafika kwa baba yake, Ta Kaijage. Hilo "Ta" kwetu Wahaya ni heshima ya mtu aliyekwisha kuwa baba, na yule mzee alistahili kuitwa hivyo hata na miti yake ya kahawa. Akatuma neno: kabla hajasikiliza posa ya mtu yeyote, atakuja mwenyewe kuona binti yake atalala wapi na atakula nini.

Mwanangu, nilichanganyikiwa. Bi Zuhura alikuwa amekwenda harusini Nyanga, nami nikaona afadhali, maana angeniambia nimpikie mzee vile vitu vya kwenye ndoo. Nilimwomba tajiri wangu mapaja. Mapaja matupu, manene, ya kuku walionona. Nikayakaanga kwa mafuta mengi, nikapika ebitoke, ndizi zetu hizi, nikazifunika kwa majani ya mgomba kama ipasavyo. Shingo na firigisi za siku ile niliziacha kwenye ndoo nje, nikaiziba kwa gunia ili mkwe asizione.

Ta Kaijage akaja amevaa koti lake la kanisani. Nilimpa kahawa ya kutafuna, akatafuna. Nikamnawisha, nikamwekea bakuli. Akachukua kijiko, akageuza paja la kwanza. Akageuza la pili. Akatafuta chini kabisa, kama mtu aliyedondosha pete.

"Kijana," akasema polepole, "kuku huyu alikuwa anatembea?"

Nikasema alikuwa anatembea, Tata.

"Alitembea na nini? Miguu siioni. Na maji alikuwa akiyapitishia wapi? Hana shingo."

Nikacheka nikidhani anatania. Yeye hakucheka. Akaweka kijiko chini.

"Na firigisi yake amekula nani kabla yangu?"

Hapo, mwanangu, jasho likanitoka mpaka kwenye magoti. Kwetu, hata asiyejua kusoma anajua kwamba firigisi ni ya mwenye mji, na akija mgeni wa heshima, mwenye mji humwachia yeye. Kumletea mzee kuku asiye na firigisi ni kama kumwambia kwamba mkubwa wake ameshakula, yeye apokee makombo. Nami nilijua! Nililelewa humo humo. Lakini mjini nilikuwa nimeanza kuona kwa macho ya wenye mahoteli, nikadhani heshima ni unene wa paja.

Mzee alikula ebitoke kwa chumvi. Mapaja hakuyagusa. Alipomaliza alisimama, akafunga vifungo vya koti, ndipo akanipa neno ambalo nimelibeba mpaka leo.

"Binti yangu hataolewa na paja. Paja ni la siku moja. Mimi nimekuja kuona utamlisha nini siku ambayo paja halipo, na hilo hukunionyesha."

Akaondoka. Baada ya siku chache Koku alinipitia sokoni, macho mekundu, akaniambia kuna mwalimu mmoja amepeleka posa Izimbya, mwalimu mwenye baiskeli na redio, na baba yake hajasema hapana. Nilibaki na kuku mkononi, nusu amenyonyolewa, nusu bado.

Nilimweleza Bi Zuhura yote. Akanisikiliza huku anapepeta mchele, mwisho akasema, "Mjukuu wangu, umemficha mgeni kile unachokijua, ukamwonyesha usichokuwa nacho. Lete hiyo ndoo."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami safari hii nilisikia. Akanifundisha. Miguu unaipitisha motoni mpaka ngozi ya juu ifure, si mpaka iungue, kisha unaivua kama soksi na kucha unazikata. Firigisi unaipasua kati, unamwaga mchanga, unavua ile ngozi ya njano ya ndani bila kuichana, maana ikichanika uchungu unabaki. Shingo unaivunja viungo ili mchuzi uingie. Halafu chumvi, ndimu, tangawizi, kitunguu, na moto mdogo. Mdogo kweli kweli. Nilikuwa nachochea kuni, ananipiga kofi la mkono. "Mguu wa kuku haupigani na moto," ananiambia, "unabembelezwa." Nazi hakuwa nayo, Bukoba hii nazi ilikuwa kitu cha kusubiri mgeni kutoka mbali, akatia karanga za kusaga. Nilipoonja mchuzi ule niliona aibu kwa miaka yote niliyoula bila kuuonja.

Nikatuma neno Izimbya kwamba namkaribisha mzee tena. Jibu likaja: yeye haji tena mjini. Anayetaka kupika aje apike kwake.

Sasa fikiri. Mwanamume wa Kihaya, mwenye posa, aingie jikoni kwa wakwe! Ni jambo la kuimbiwa. Nadhani mzee aliliweka hilo makusudi ili nikate tamaa nimwachie mwalimu na baiskeli yake. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikabeba ndoo yangu, nikaenda. Shangazi zake Koku walijaa mlangoni mwa jiko wakinitazama. Mmoja akauliza kama huko Muleba wanaume ndio wananyonyesha pia. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba bado tunajaribu. Wakacheka, nikajua nusu ya njia nimevuka.

Mama mkwe sikumwona, maana mila haikuruhusu tuonane. Alijikalisha migombani nyuma ya jiko. Na zamani wanawake wa kwetu hata kuku hawakuwa wanakula, hilo nalo unalijua. Basi nilipeleka bakuli la supu mlangoni, nikaliacha pale, nikageuka ukutani. Bakuli likachukuliwa. Baadaye nikasikia nyuma ya jiko mtu ananyonya mfupa kwa raha zake. Nikakohoa kwa nguvu ili asijue nimesikia.

Nilimwekea Ta Kaijage chungu kizima. Vichwa, shingo, miguu, na firigisi juu, ikimtazama. Alianza na mguu. Akaunyonya kidole kimoja kimoja, akatoa vifupa akavipanga pembeni ya bakuli. Akachukua shingo. Koku alikuwa amesimama karibu na mlango na kibo, kile kikapu chetu kidogo, cha kahawa mkononi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti na jagi la maji.

Mwisho akaichukua ile firigisi. Akatoa kisu mfukoni, akaikata kati. Nusu akaitia mdomoni. Nusu akaniwekea mkononi mwangu.

"Kula," akasema. "Firigisi ni ya mwenye mji."

Nikasema, "Kampile waitu, Tata," ndiyo shukrani yetu kwa mkubwa, na Koku pale mlangoni akamwaga kahawa yote chini. Hakuna aliyemgombeza.

Ndivyo nilivyooa, mwanangu. Mwalimu akabaki na redio yake. Mimi na Koku tuliweka jiko moja na benchi mbili karibu na stendi, tukauza supu ya miguu na shingo kwa makuli na madereva tangu alfajiri. Wenye mahoteli walicheka. Leo baadhi ya hoteli zile hazipo, na watoto wao wananipigia simu niwawekee supu ya Jumapili kabla haijaisha. Siringi, ni kweli tu.

Basi neno langu ni hili. Jifunze kupika kuku mzima, kijana wa kiume sawa na binti. Mapaja yatakuja siku yakitaka. Shingo na miguu havikukimbii, ndivyo vitakavyokulelea watoto. Usimfiche mgeni ndoo yako ukamwonyesha mafuta ya kuazima, kwa sababu anayekuja kukupima anataka kujua unaishije, hataki kujua unajipamba vipi. Moto uwe mdogo. Uvumilivu uwe mwingi. Na mkubwa akikuuliza firigisi iko wapi, iwepo, umpe kwa mikono miwili.

Nenda sasa. Mungu akupe jiko ambalo hata siku ya shida linatoa harufu nzuri mpaka kwa jirani, akupe mwenza asiyeogopa kunyonya mfupa mbele ya wageni, na ukizeeka akupe kijana mwenye adabu, umkatie nusu.