Kirukanjia si Panya

Nilikuwa ndani ya eda ya marehemu mume wangu, hapa Kengeja, muhogo wetu ulipoanza kupungua kondeni. Mimi sikuweza kutoka. Muhogo ule ndio chakula changu, na aliyeuangalia ni shemegi yangu, mdogo wake marehemu. Akija husimama nyuma ya mlango, akakohoa, akatoa habari.

"Shemegi, panya wamekula tena."

"Panya gani?"

"Panya ni panya. Unataka na ukoo wao?"

Sikuacha kuuliza. Siku moja akasukuma kikapu mlangoni. "Wezi wako hao. Wasomee hitima."

Mlikuwa na vinyama vitatu vimekufa, vya kijivu, pua zimechongoka, na harufu mbaya mno. Virukanjia. Hata mimi nilikuwa nikiwahesabu kuwa ni panya, kama watu wote.

Siku hiyo hiyo bibi shamba wa kwetu alikuja kunipa pole, nikamwonesha kile kikapu.

"Kirukanjia si panya, bibi. Huyu chakula chake mende na wadudu. Muhogo atautafuna kwa meno gani?"

Akanieleza panya wenyewe. Yuko mdogo wa ndani ya nyumba, wako wa kondeni wapendao mpunga, na yuko buku, karibu sawa na paka, nusu ya mkia nyeupe. "Wa muhogo ni buku. Hufukua chini, shina akaliacha limesimama."

Alipoondoka sikupata raha. Pengine shemegi hajui, kama nilivyokuwa sijui mimi. Pengine anajua, ila amenidhania mjinga. Kila alipokohoa mlangoni, nilisikiliza kile kikohozi kuliko maneno.

Eda ilipokwisha nilikwenda konde. Upande wa bondeni mashina yalisimama, chini yake mashimo, na mihogo iliyobaki ina alama za meno mapana. Nikasema alhamdulillahi, nimemdhulumu mtu bure. Kisha nikafika upande wa barabarani. Huko mashina yameng'olewa, yamelazwa pamoja, na udongo umerudishwa vizuri.

Shemegi alinikuta hapo, jembe begani.

"Si nilikwambia panya?"

"Kule bondeni, kweli. Na huku?"

Aliyatazama yale mashina. "Panya wako wa kila namna, shemegi."

Nilingoja acheke, hakucheka.

"Nipe hilo jembe," nilimwambia. "Konde nitaliangalia mwenyewe."

Akanipa, bila kuuliza kwa nini.