Kuku wa Jumapili na Dawa ya Baba

Mdogo wangu alikuwa akija kwetu mtaa wa Jericho kila Jumapili baada ya kanisa, na hakukosa kuja na kuku. Mimi niliyebaki nyumbani na baba, niliyemvalisha soksi na kumfuta mate, sikuwahi kutazamwa jinsi alivyotazamwa yeye. Baba alikuwa amestaafu kazi ya baraza la jiji, na ugonjwa wa kutetemeka ulikuwa umemkausha uso. Lakini akisikia sauti ya huyo kitindamimba wake mlangoni, macho yalicheka. Nilimwonea wivu mchana kweupe.

Kwetu sisi tuliotoka magharibi mwa nchi, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mdogo wangu alimwekea kwa mkono wake, na paja juu, nami nikampa baba dawa ya mchana pamoja na chakula hicho hicho, nikidhani tumbo lililoshiba ndilo hupokea dawa vizuri. Haukupita muda baba akaganda kwenye kiti, miguu ikakataa kabisa. Siku za wiki, akila ugali na sukuma, alijikokota hadi chooni bila shida kubwa.

Jumapili moja mdogo wangu alimtazama, kisha akanigeukia. "Kwani dawa humpatii?"

Swali hilo lilinichoma. Kesho yake nikampeleka baba kliniki. Daktari aliuliza baba hula nini na saa ngapi. Akaeleza kwamba ubongo wake umepungukiwa na dopamini, kemikali ambayo seli hutumia kupashana habari za mwendo. Dopamini yenyewe, hata ikitiwa kwenye damu, haiingii ubongoni, kwa sababu mishipa ya damu ya huko ina kuta zilizobana sana. Ndiyo maana anapewa levodopa, malighafi yake, ambayo ikishavuka hugeuzwa dopamini humo humo ndani. Lakini haivuki yenyewe. Huvushwa na wabebaji walio kwenye kuta hizo, na wabebaji hao hao huvusha vipande vya protini vitokavyo kwenye nyama. Nyama ikiwa nyingi, dawa husukumwa nyuma ya foleni. Asinyimwe nyama, alisema, ila aile jioni, na dawa itangulie chakula.

Nilirudi nyumbani na raha ambayo sioni haja ya kuificha. Kumbe ni kuku wake. Nilimpigia simu nikamweleza polepole, nikihakikisha ameelewa vizuri ni kuku wa nani. Akasema sawa.

Jumapili iliyofuata nilimpa baba dawa mapema kwa maji matupu, nikangoja kabla ya kumwekea ugali na mboga. Nilitaka mdogo wangu amkute imara, aone hiyo ni kazi ya nani. Alipobisha hodi, baba aliinuka mwenyewe. Nikamnyooshea mkono, hakuushika. Alinipita, akatembea hadi mlangoni na kumkumbatia.

"Unaona?" akamwambia. "Wewe ukikuja tu, mimi napona."

Mdogo wangu alinitazama juu ya bega la baba. Alijua vizuri ni nini kilichomsimamisha. Hakumsahihisha, akamkumbatia zaidi, na nilivyokuwa na wivu siku hiyo, ningekuwa yeye nami nisingemsahihisha.